Mkia wa Neno

Kisangani, Makiso
Jumatatu, baada ya darasa la mwisho

Dada yangu mkubwa, Yaya Zaina,

Asalamu alaykum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mgongo unaendeleaje? Tuliposemezana mara ya mwisho ulisema umepoa, lakini nakujua, wewe hata ukibebwa kwa machela utasema umepoa. Mama anakula vizuri? Bado anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi? Mimi ni mzima, ila nimepungua kidogo mwilini, na tafadhali usianze kupiga kelele kabla sijakueleza sababu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yetu unaijua. Tunaitana "allo, allo, unanisikia?" mara kumi, halafu mtandao unakata pale pale habari inapoanza kunoga. Na habari hii ni ndefu. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza vitenge, anaondoka kesho kwa treni mpaka Ubundu, treni ikikubali kuondoka, na toka hapo atapanda boti hadi Kindu. Nimemwomba aifunge barua hii katikati ya vitenge vyake isilowe. Ikikufikia inanukia kitenge kipya, ujue mama huyo ametimiza ahadi.

Nianze na lile nililokuficha. Nilipokuambia nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Makiso, nilikuambia nusu. Nilipokelewa kwa majaribio. Préfet, yaani mkuu wetu wa shule, aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba kabla muhula haujaisha atakuja inspecteur, mkaguzi wa serikali, kukaa darasani mwangu. Akiandika vizuri, nafasi ni yangu. Akiandika vibaya, nafasi anapewa mwingine, na mimi nafunga sanduku narudi Kindu. Sikuthubutu kukuambia, maana ulikwisha tangazia mtaa mzima kwamba mdogo wako ni profesa Kisangani. Ningerudi na uso gani?

Darasa langu ni la sita, wanafunzi sitini na wawili, wote wanangoja mtihani wa serikali. Na shida yetu ilikuwa imla, dictée kama tunavyoiita hapa. Yaya, Kiingereza ni lugha yenye hila. Kiswahili chetu unasikia neno, unaliandika kama ulivyolisikia, umemaliza. Kiingereza hapana. Jua la mbinguni ni "sun" na mtoto wa kiume ni "son", na masikioni ni sauti moja, Mwingereza mwenyewe hawezi kukutofautishia kwa mdomo. Nyama ni "meat", kukutana ni "meet". Wiki ni "week", na mtu aliyedhoofika ni "weak". Nakuona ukishika kiuno na kuuliza: sasa wenyewe wanaelewana vipi? Ndilo swali waliloniuliza wanafunzi, na mimi sikuwa na jibu ila moja tu, "sikilizeni vizuri". Kana kwamba shida ilikuwa masikio yao.

Tena kuna aibu ya pili, nakuambia wewe tu. Yapo maneno ambayo kwa Waingereza hayafanani kabisa, sisi ndio tunayafananisha. Meli ni "ship" na kondoo ni "sheep", kwao ni sauti mbili mbalimbali, kinywani mwangu zinatoka moja. Mimi Kiingereza nilikisoma kwenye karatasi. Mwalimu aliyenifundisha alikisoma kwenye karatasi pia. Basi nikisoma imla, kondoo wangu wanapakia mizigo bandarini na meli zangu zinakula majani. Nilikuwa naficha aibu hiyo kwa kugeukia ubao na kuandika haraka haraka.

Mazao yake ungeyaona kwenye madaftari. Katika moja, mkulima alikuwa na majua matatu yanayosoma shule. Katika jingine, mama mmoja alikwenda sokoni kununua kilo ya kukutana. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, halafu préfet akaja kuyapitia madaftari yale yale, na yeye hakucheka.

"Madame Mwayuma," aliniambia, "aba batoto banaandika nini hapa? Inspecteur akiona ivi, miye niko na namna gani ya kukutetea?"

Toka siku hiyo chakula kilinishinda. Mama mwenye nyumba wangu anatwanga lituma, ndizi za kuchemsha kwa mtindo wa huku, ananiletea na samaki wa moto, nami nazungusha kijiko sahanini tu. Ndipo nilipopungua.

Sasa nikueleze kosa langu. Darasani mwangu yuko msichana anayeitwa Clémence. Alikuja mwaka jana kutoka Yanonge, chini kidogo ya mto, anakaa kwa mjomba wake hapa mjini. Ni mpole, anakaa benchi la tatu, haulizi kitu. Na ujue kwamba wiki chache kabla ya kosa hilo kijana mmoja alikuwa ameiga namna yetu ya kusema ya Maniema, darasa zima likavunjika mbavu. Kwa hiyo nilikuwa nimeingia na moyo wa vita. Nilikuwa natafuta wa kumkamata.

Jumatatu moja nilisoma sentensi yenye neno "son". Nikasikia mezani, ko-ko, ko. Nikaisoma tena. Ko-ko, ko. Nikageuka, nikamwona Clémence, vidole viwili juu ya meza, ananitazama usoni bila hata kupepesa. Watu wakaanza kucheka. Yaya, damu ilinipanda. Nilijua ananipigia ngoma kwa dharau, nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikamwambia mbele ya wote, "Toka. Na usirudi bila mzazi."

Akatoka. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo nalo nililichukua kuwa kiburi.

Siku tatu hakuonekana. Siku ya kwanza nilijipongeza. Siku ya pili nilianza kuangalia benchi la tatu zaidi ya ubao. Siku ya tatu nilikumbuka kwamba mtoto yule naye ana mtihani mwishoni mwa mwaka, na kwamba mimi nisiye na kazi ya uhakika nilikuwa nimemfungia mlango mwenzangu. Nilikuwa karibu kwenda kumtafuta, lakini kichwa changu unakijua, kilikataa.

Siku ya nne saa ya mapumziko wakaja, yeye na mjomba wake. Mtu wa miaka arobaini hivi, shati limejaa mafuta ya injini, anafanya kazi bandarini ya kutengeneza moteri za baleinières, zile boti kubwa za mbao zinazopeleka watu na mizigo. Anaitwa Lituka. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu asubuhi.

"Ni weye madame ya Kingereza?" akauliza.

"Ndiyo mimi."

"Bon. Miye niko tonton yake. Ulisema asirudi bila muzazi, njo nimekuja. Mutoto iko na siku tatu, analia tu. Sasa uniambie, alifanya nini?"

Nikamwambia: alinigongea meza kunicheka nikiwa nasoma. Akamgeukia binti. "Ulipiga namna gani? Piga tena."

Clémence akagonga meza yangu, ko-ko, ko, machozi yanamlengalenga. Mjomba akasikiliza, kichwa amekiinamisha kidogo, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nusura niwafukuze wote wawili.

"Pardon, madame, pardon," akasema akijipangusa macho. "Hakukuwa anakucheka. Alikuwa anakuuliza. Kwa nyumba yetu, kama lokole imelia na neno haikuingia vizuri, unagonga ivi. Maana yake: leta mukia."

"Mkia wa nini?"

"Mukia ya neno!"

Akavuta kiti bila kukaribishwa. Yaya, lokole wewe umeisikia kanisani kwa majirani zetu, ile ngoma isiyo na ngozi, gogo lililochongwa tundu ndani na kuachiwa mdomo mrefu juu. Mimi nilidhani inapiga mlio tu wa kuita watu. Kumbe watu wa mto huku, Walokele wa Yanonge na Isangi, walikuwa wakisemezana nayo maneno kamili, kutoka kijiji hadi kijiji, kabla simu hazijaja kuwatuliza. Baba wa Lituka alikuwa mpigaji, na Clémence alilelewa miguuni pa mzee huyo mpaka alipofariki.

"Lokole iko na sauti mbili tu," akanieleza, akigonga meza yangu, juu, chini. "Moja ya juu, moja ya chini. Na maneno iko mingi. Donc mingi inalia sawasawa. Kama unapiga neno peke yake, unaita mutu akuje na ndobano ya samaki, yeye anakuja na jembe. Njo maana neno haitembeake peke yake. Inatembea na mukia yake: iko nini, inafanya nini, iko ya nani. Ukisikia mukia, hauwezi kukosa. Sasa weye, madame, unatoa neno ya Kingereza, unaitupa katikati ya batoto makumi sita, haina baba, haina mama. Nani atajua iko ya nani?"

Nikamjibu kwa ubishi kwamba Kiingereza si lokole.

"Ata! Miye Kingereza sijue," akasema akisimama. "Niko najua moteri na lokole tu." Akaaga, moteri moja ilikuwa inamngoja imefunguliwa matumbo, akaenda zake.

Clémence akabaki amesimama mbele yangu. Nikamwambia arudi darasani. Ni hilo tu nililomwambia, na hata sasa ninapoandika naona haya.

Jioni ile nilirudi nyumbani nyuma ya toleka, zile baiskeli za kubeba watu, na njia nzima sikusikia hata alichokuwa anasema mwendeshaji. Nilifika, nikachukua daftari, nikaandika "sun", na pembeni nikaandika kwa Kiingereza: linalokausha samaki juu ya paa. Nikaandika "son": ambaye mama anamwita akachote maji, na yeye anajifanya hasikii. Yaya, nilikaa pale nikiyatazama maneno mawili yale niliyohangaika nayo tangu mwaka wa kwanza wa masomo, na kwa mara ya kwanza hayakufanana hata kidogo. Tena nikaona kwamba Waingereza nao wanafanya vile vile bila kujua. Wanalitambua neno kwa majirani zake katika sentensi. Mimi nilikuwa nawasomea wanafunzi polepole mno, neno moja, kimya, neno moja, kimya, nikidhani nawasaidia, kumbe nilikuwa nawakata mikia yote.

Jumatatu iliyofuata niliingia, nikaweka chaki chini, nikasema kwa Kiswahili ili pasiwe na asiyeelewa: "Clémence, nilikukosea. Uliniuliza swali, nami nikakufukuza. Nakuomba msamaha mbele ya hawa walioona nikikufukuza."

Hapa mwalimu haombi msamaha kwa mwanafunzi, Yaya. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Clémence akajifunika uso kwa daftari. Halafu kijana yule aliyeniiga siku ile akasema, taratibu tu, "Merci, madame," na wengine wakaitikia, na sikuelewa wananishukuru nini, ila nilishukuru sana kwamba nilikuwa nimeshasema.

Tukaanza kazi. Nilimwomba Clémence aeleze mambo ya lokole, akaeleza vizuri kuliko mimi. Watoto wa mjini walishangaa, wengine ni Walokele na hawakujua. Kisha tukatengeneza mikia, kila jozi ya maneno siku yake. Tulipofika kwenye "flour", unga, na "flower", ua, wakakubaliana upesi kuhusu unga: unaongoja sufuria ya fufu. Kwa ua, mmoja akapendekeza: ambalo hakuna anayelitia chunguni. Akasimama Augustin, mtoto aliyetoka Banalia, amekasirika kweli, kwamba kwao maua ya boga yanapikwa na ni matamu, na nani amesema hayaliwi? Wakabishana robo saa nzima. Katikati ya ubishi nikagundua kwamba wanabishana kwa Kiingereza. Kibovu, kimejaa matundu, lakini Kiingereza. Niliwaacha waendelee.

Tukaweka na sheria: atakayeshikwa na mashaka wakati wa imla hana ruhusa ya kubahatisha. Agonge meza mara mbili, na mwalimu lazima atoe mkia. Kuhusu meli na kondoo, hapo mkia unasaidia sikio, lakini mdomo ulikuwa kazi yangu mwenyewe. Nilifanya mazoezi kila asubuhi mbele ya kioo, navuta midomo huku, naiachia kule, mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama kuna mbuzi chumbani.

Basi ikaja Alhamisi ya inspecteur. Mtu mrefu, mwembamba, viatu vimejaa tope jekundu, siyo mtu wa mto, wanasema ni wa Kasai. Akaketi nyuma kabisa pamoja na préfet, akafungua karatasi zake bila kunitazama. Nilikuwa sijasoma hata sentensi ya kwanza, mvua ikashuka. Unajua mvua juu ya bati. Nilipaza sauti mpaka koo likawasha. Nikasikia kushoto, ko-ko. Nikatoa mkia. Kulia, ko-ko. Nikatoa mkia. Ko-ko tena, mbele.

Inspecteur akasimama. "C'est quoi ça? Madame, hii kelele ni ya nini?"

Akaja mpaka mbele. "Miaka yote niko na hii kazi, sijaona darasa yenye kugongea mwalimu meza." Akanyoosha mkono, akachukua karatasi ya imla kutoka mkononi mwangu. "Nitasoma mwenyewe. Asigonge mutu."

Akasoma sentensi iliyoishia na "weak", mvua ikalimeza nusu. Kisha akangoja. Vichwa sitini na viwili vimeinama, kalamu za bic sitini na mbili ziko hewani, hakuna aliyeandika. Kisha wakainua macho, wakanitazama mimi. Wakibahatisha, madaftari yangenimaliza. Wakigonga, wamemvunjia heshima mtu mwenye kalamu ya kunifukuza. Nilimwona préfet akijipangusa jasho. Nikaliona sanduku langu, nikakuona wewe umesimama bandarini Kindu unanipokea na kusema "si kitu, mdogo wangu", na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ko-ko.

Alikuwa Clémence. Mtoto niliyemfukuza kwa kugonga kule kule kwa vidole, sasa anagonga mbele ya mtu aliyekwisha kataza.

"Nani?" akauliza inspecteur.

Clémence akasimama. "Ni miye, monsieur l'inspecteur. Neno ya mwisho iko na ndugu yake. Naomba mukia."

Nikajisikia nasema, "Anafanya nilivyomfundisha, monsieur. Kama ni kosa, ni langu."

Mtu yule alisimama na karatasi mkononi. Alimtazama Clémence, akanitazama, akatazama zile bic zilizo hewani. Halafu, polepole, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, akasema: kama mtu aliyesukuma gari siku nne katika tope la barabara ya Banalia, na magoti yanakataa kumbeba.

Darasa zima likasema "Aaah!" na bic zote zikashuka kwenye karatasi kwa pamoja.

Hakucheka. Lakini akasoma sentensi ya pili, na kabla hajagongewa akaongeza mkia mwenyewe. Na ya tatu pia. Mpaka mwisho wa imla hakunirudishia karatasi. Akakusanya madaftari, akayatia mkobani, akatoka na mvua ile ile.

Siku nane nilingoja. Sitaki kukueleza siku nane zile. Siku ya tisa préfet akaniita ofisini, ameshika ripoti, akanisomea yote kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Kwamba njia ya madame haimo katika programu. Kwamba kelele ya meza ipunguzwe. Kwamba madame arekebishe matamshi, kwa kuwa bado anachanganya meli na kondoo. Yaya, hapo nilijua nimekwisha, nikaanza kuinuka. "Kaa," akasema préfet, "haijaisha." Mstari wa mwisho ulisema kwamba wanafunzi wanaandika wanachokielewa, kwa hiyo madame apewe nafasi.

Nililia mbele yake kama mtoto. Naye, mtu mkavu yule, akageukia dirisha akajifanya anaangalia kama mvua imekwisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Clémence, na nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Na Jumamosi nikaenda nyumbani kwa tonton Lituka, karibu na mto, kumshukuru na yeye. Hakutaka shukrani, alitaka tule kwanza. Tulipomaliza samaki akaingia ndani, akaikokota lokole ya baba yake mpaka uani, akaipangusa kwa kitambaa.

"Madame amepata kazi yake," akawaambia wa nyumbani. "Bon. Lazima akuwe na jina."

Kwao mtu akipewa jina la lokole anaitwa yeye, anaitwa baba yake, na kunatajwa kwao mama yake. Nikamtajia: Mwayuma, binti wa Saidi, mama ni mtu wa Kasongo. Akatikisa kichwa.

"Kindu kuko ba Mwayuma ngapi? Na batoto ya ba Saidi ngapi? Leta mukia yenye iko yako tu."

Nikafikiri. Nikataka kusema mwalimu, lakini walimu ni wengi. Nikataka kusema ninayejua Kiingereza, lakini tumeona habari zake. Ndipo nikamweleza juu yako. Nilimweleza mwaka ule Mama alipougua na lazima mmoja wetu abaki nyumbani. Kwamba wewe ulikuwa wa kwanza darasani, na mimi nilikuwa kadogo ambako hata kushika kalamu kulikuwa kunakashinda. Kwamba Baba alitaka nibaki mimi, na wewe ukasema, "Mwayuma aende," ukachukua madaftari yako yenye kurasa bado nyeupe ukayatia katika mfuko wangu, na hukulisema tena jambo hilo mpaka leo. Sijawahi kukushukuru, Yaya. Nilikuwa naogopa kwamba nikilitaja tutalia wote wawili. Leo nalitaja. Asante. Kila neno ninalolijua, la Kiingereza na la Kifaransa, uliliacha wewe nikaliokota mimi.

Tonton Lituka aliacha mzaha. Alijaribu mapigo kwa vidole, akayafuta, akajaribu tena, Clémence akimsahihisha mahali pamoja. Kisha akachukua fimbo zake mbili akalipiga jina langu, mara tatu, akielekea mto. Sijui kama upande wa pili yuko aliyelielewa. Mto ni mpana na wazee wanaoijua lokole wamebaki wachache. Lakini lilipigwa. Clémence amenitafsiria, na nimeliandika hapa chini mahali pa sahihi, maana sasa ndilo jina langu kamili.

Nisalimie Mama, umshike mikono yote miwili unaposema ni mimi. Nisalimie shemeji Ramazani, mume wako, na umwambie avumilie kelele utakazopiga ukisoma barua hii. Nisalimie tonton Kalume, kaka wa Mama, aliyenibebea sanduku mpaka botini na kuniambia nisiangalie nyuma. Nisalimie Asha, binti yako mkubwa, asiache Kiingereza, nitamfundisha mwenyewe akija. Na jirani yetu mwenye kuku, mwombe atupunguzie majogoo.

Kaa salama, Yaya. Mungu akulinde wewe na mgongo wako.

Ni mimi,

Mwayuma, binti wa Saidi, mama yake ametoka Kasongo, anayetembea na madaftari ya dada yake, Zaina, aliyesema: yeye aende.